Popo wa Ukuta wa Shangazi

Loma Bejuco, 9 Juni 1991

Mwanangu Yariela,

Mungu akubariki wewe, na mtoto, na mumeo Álvaro hata kama hajui kuandika barua. Mimi ni mzima. Goti hunisumbua mvua inapokaribia, na mwezi huu mvua haikaribii, imehamia kabisa. Ng'ombe wa Maximina kaingia tena kwenye mihogo yangu, halafu Maximina mwenyewe kaja kunilalamikia kwamba mihogo yangu imemharisha ng'ombe wake. Ndio majirani tulionao. Jumapili nilipika wali wa mbaazi na nazi nikakukumbuka, maana ukoko ulikuwa haki yako.

Sasa habari za ukutani, najua ndizo ulizofungulia bahasha. Popo wako unaowachunguza wamezaa. Wako palepale chini ya upenu wa mashariki, kila mmoja amejibandika mbali na mwenzake kama watu waliogombana, na ile mistari yao miwili myeupe mgongoni. Majike wamewakumbatia watoto kifuani. Dume ni yuleyule uliyempa jina la Meya. Kukipambazuka anaimba, jua likizama anaimba tena, na katikati anawakoromea madume wengine wanaopita karibu na ukuta wake.

Ukuta wenyewe una hali mbaya. Udongo umebanduka upande wote ule, fito zinaonekana. Maximina kaniambia mbele ya watu, "Eneida, nyumba yako inaonyesha mbavu! Tulitaka kukukandikia kiangazi, wewe ukakataa kwa ajili ya panya wenye mbawa?" Nikamwambia, "Panya hawa hawali mihogo yangu." Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini kiangazi kijacho itabidi watu waje, wakanyage udongo, tukandike. Mwaka mwingine wa mvua ukuta huu hauuwezi.

Na Evaristo wetu? Ameanza kelele? Babu yake aliyempa jina, marehemu kaka yangu, alipokuwa na miezi hiyo alikuwa akiwaamsha kuku. Watu wanamngoja huku. Siku utakayomleta tutapanda kilimani tumpigie saloma ya baba yako, ule mlio wake uliokuwa ukivuka bonde na kufika nyumbani kabla yake, nasi tunyamaze tungoje mtoto ajibu. Wewe ulijibu kwa kulia mpaka ukatapika. Wazee wakasema, "Kajibu huyo! Ni wa nyumba hii." Mfundishe pia kuunganisha viganja kuomba baraka, kama nilivyokufundisha kabla hujajua kutembea.

Shangazi yako,
Eneida


San José, 14 Julai 1991

Shangazi, naomba baraka.

Barua yako imefika imelowa, nimeikausha kwenye jiko. Hapa mvua hunyesha kila alasiri, mji wote unakuwa wa kijivu na watu wanatembea kama wamo ndani ya maji. Álvaro anakusalimu. Anasema hajui kuandika barua kwa sababu hakuna anayemwachia kalamu. Mtoto ni mzima. Ana meno mawili. Anapenda mwanga unaopita kwenye pazia. Anaweza kuutazama mchana kutwa, anaufuata kwa macho pazia likicheza, na mimi namtazama yeye.

Asante kwa habari za Meya. Profesa wangu anasema popo huzaliwa na wimbo wao, kama wanavyozaliwa na meno. Mimi nadhani wanajifunza, ila sina uhakika. Nadhani mtoto hutega sikio pale ukutani, akamsikia dume wa ukuta huo, awe baba yake asiwe baba yake, akajaribu kumwiga, akakosea, akajaribu tena. Masikio yao ni ya ajabu, Shangazi. Popo hupiga mlio, ukagonga nondo, ukarudi, naye akajua nondo yuko wapi na anaelekea wapi. Mama anaporudi ukutani anaijua sauti ya mwanawe kati ya zote. Mtoto anaita, mama anaitika. Sauti zao nyingi ziko juu mno, sikio la mtu halifiki. Unazozisikia wewe ni zile zinazoshuka chini kidogo.

Ila Meya haishi kwa wimbo peke yake. Ana vifuko kwenye mbawa, anavijaza manukato. Mchana huelea hewani mbele ya jike akampepea harufu. Manukato yenyewe ni mkojo, samahani, na mambo mengine ambayo siwezi kumwandikia mtu aliyenifundisha sala.

Nitazamie jambo moja. Watoto wakianza kupiga kelele za ovyo, zisizo na maana, niandikie zikoje.

Yariela


Loma Bejuco, 25 Agosti 1991

Mwanangu,

Mungu akubariki. Mkojo! Nimemtazama Meya kwa macho mengine tangu siku ile. Nilimsomea Maximina kipande hicho, akasema marehemu mumewe hakuwa na tofauti kubwa.

Kelele zimeanza. Baada ya chakula cha mchana huwa najilaza kwenye machela ya kuning'inia chini ya upenu, ukungu unateremka kutoka mlimani, na hapo kati ya usingizi na macho nawasikia. Kuna kimoja cha kike, nimekiita Kidawa, kinazidi wote. Kinaanza kwa ile sauti ya kumwita mama. Katikati kinachomeka kipande cha wimbo wa Meya, kinakosea, kinaingiza sauti ya watu wazima wanapogombana, kisha kinarudi mwanzo. Hakuna anayekijibu wala hakimwiti mtu. Mama yake amelala pembeni. Kinabwabwaja tu kwa raha zake, midomo inatetemeka. Majike wazima sijawahi kuwasikia wakiimba kama Meya, lakini huyu anajifundisha wimbo wa Meya kama vile naye atakabidhiwa ukuta. Nililala nikaamka, bado kinasema. Sijui ni nini, lakini siku hiyo nilishinda na furaha.

Sasa wa kwetu. Nimeisoma barua yako mara nyingi na nimeona kitu ambacho hakimo. Nilikuuliza kelele, umenijibu meno na pazia. Basi najua: amechelewa. Usione haya. Nimekwenda kanisani, nimeipindua kengele ndogo, nimeijaza maji ya kisima na kuyaombea. Mpwa wa Maximina anakuja huko kuuza kofia, atakuletea chupa. Mpe mtoto kijiko kimoja asubuhi kabla ya kunyonya. Watoto wote wa huku waliochelewa kusema walikunywa maji ya kengele, na wengine sasa hatujui namna ya kuwanyamazisha. Mtazame Maximina.

Saturnino anakusalimu kwa kofia. Amezeeka lakini bado anasuka kofia, na mikono yake inaongea upesi kuliko zamani. Kaniuliza mtoto anafanana na nani. Nimemwambia sijui, hawaniletei hata picha.

Shangazi yako


Loma Bejuco, 3 Novemba 1991

Yariela,

Mungu akubariki popote ulipo. Leo ni sikukuu ya taifa, ngoma zimepita, wanafunzi wameandamana wakiwa na viatu vyeupe kwenye tope.

Hujaniandikia tangu Julai. Mpwa wa Maximina amerudi. Anasema chupa alikukabidhi mkononi, ukaishika, ukaitazama, ukafunga mlango bila hata kumwambia asante. Huyo si Yariela niliyemlea. Kwanza niliudhika. Sasa naogopa.

Ukutani watoto wamekua. Huwezi tena kuwatofautisha na wakubwa, ila kwa wimbo wao ambao bado una makosa. Kidawa ameondoka. Binti zao huenda kwenye kuta nyingine.

Nilimwota baba yako. Alikuwa amesimama kilimani, mdomo wazi, shingo imemtoka mishipa kama alivyokuwa akifanya, lakini hakuna sauti iliyotoka. Chini yake, kwenye machela yangu, mtoto alikuwa akimtazama na kumchekea kwa furaha. Niambie kuna nini.

Eneida


San José, 24 Novemba 1991

Shangazi, naomba baraka, na leo naiomba kweli.

Maji ya kengele niliyamwaga. Nilifungua dirisha nikayamwaga kwenye maua ya jirani, kisha nikakaa sakafuni nikalia, kwa sababu chupa ilikuwa inanukia moshi wa jiko lako.

Evaristo hasikii. Hasikii kengele, hasikii mlango, hanisikii mimi. Daktari amempima, akarudia kumpima, akasema hata vile vifaa vya masikioni havitamsaidia sana.

Nilijua kabla ya daktari. Nilileta nyumbani kanda za ukutani kwako, zile tunazozizungusha polepole ili sauti za popo zishuke mpaka sikio la mtu lizipate. Evaristo alikuwa amekaa ameipa mashine mgongo, anachezea kijiko. Kanda ikalia kama chuma kinachokatwa. Álvaro aliruka mpaka akamwaga kahawa. Mtoto hakugeuka. Aliendelea kukigeuza kijiko chake, anatafuta mwanga. Wiki ile ndiyo niliyokuandikia kwamba anapenda pazia.

Kazi yangu ni kusikiliza sauti ambazo mtu hazisikii, Shangazi. Nakaa maabara nikawasikia watoto wa popo wanavyobwabwaja, navua vifaa masikioni nakwenda kunawa uso. Álvaro humwimbia anapomwogesha, hata sasa. Sina moyo wa kumwambia aache.

Usimwambie mtu. Na sitakuja kwenye kukandika. Najua watapanda kilimani, watapiga saloma ya baba, kisha watanyamaza wote wamngoje. Nitakuwa nimesimama njiani nimembeba, macho ya kijiji kizima yako kwetu, naye atakuwa anachezea kifungo cha nguo yangu. Mtoto asiyeijibu nyumba ya babu yake, watasema ni wa nani? Siwezi kusimama pale.

Yariela


Loma Bejuco, 15 Desemba 1991

Mwanangu,

Mungu akubariki. Na Mungu ambariki Evaristo, namtaja kwa jina lake lote.

Barua yako niliisomea chini ya ukuta. Nimelia, sifichi. Nilimlilia yeye, nikakulilia wewe uliyelibeba jambo hili peke yako miezi yote hiyo huku mimi nikikuletea porojo za mihogo. Na maji yale unisamehe. Nilidhani nakusaidia, kumbe nakuchoma.

Hukutaka niwaambie watu. Nakuahidi hakuna mwenye ulimi atakayesikia haya kutoka kwangu.

Sasa nisikilize, maana nimekaa na popo wako muda mrefu na nina la kusema. Ukimuuliza mtu yeyote hapa kuhusu Meya atakwambia ni mwimbaji. Lakini nimemtazama mchana, jua likiwa limepiga ukuta. Anakuwa kimya kabisa. Anamwendea jike, anaelea mbele yake kama jani lililokataa kuanguka, anatikisa bawa, kisha anarudi mahali pake. Jike amemwelewa. Halafu wewe mwenyewe ulinieleza kwamba sauti zao nyingi sikio langu halifiki. Kwa hiyo miaka yote hii wamekuwa wakiongea juu ya kichwa changu, na mimi ndiye kiziwi wao. Wala hawakunifukuza kwenye nyumba yangu.

Saturnino alizaliwa hasikii, na mama yake hakumficha. Alipotaka kumwita alikuwa akipiga mguu chini, naye akageuka. Aliye mbali alimpungia kofia. Ndiyo maana mpaka leo watu wa Loma Bejuco wote tunajua kuongea kwa mikono. Umesahau kwamba hata wewe ulijua? Ulikuwa ukimwomba miwa kwa vidole kanisani, padri akihubiri.

Njoo. Ukuta utakungoja. Ukianguka kabla hujafika, nitahamia jikoni.

Shangazi yako


San José, 26 Januari 1992

Shangazi, naomba baraka.

Nilisoma barua yako nikiwa na mikono mapajani, mara nikajikuta vidole vinasema "miwa". Sikujua kama bado vinakumbuka. Evaristo aliona. Aliacha kula akaitazama mikono yangu jinsi anavyolitazama pazia.

Tutakuja kanivali ikipita, sote watatu. Naomba jambo moja tu: asiitwe. Waambie watu wakandike, wale, wacheze, lakini kilimani asipande mtu.

Yariela


Loma Bejuco, 29 Machi 1992

Mwanangu,

Mungu akubariki, na Álvaro pia, ambaye nimemsamehe barua zote kwa namna alivyokanyaga udongo. Maximina anasema hajawahi kuona mwanamume wa mjini aliyechafuka kwa moyo mweupe namna ile. Picha mliyoniachia ya mtoto nimeitundika juu ya meza.

Uliniuliza pale njia panda ni nani aliyewaambia, basi likaja nikaponea. Haya, nakujibu. Niliahidi hakuna mwenye ulimi atakayesikia kutoka kwangu, na sikuvunja ahadi. Nilimwambia Saturnino tu, kwa mikono. Alikuja wiki ya Krismasi akaniona macho yamevimba, akauliza, nami sikuweza kumficha. Kabla tamale za mahindi za sikukuu hazijaiva kijiji kizima kilikuwa kinajua. Ulimi wangu haukutamka hata neno. Unikasirikie ukitaka.

Maximina alikuja siku ya pili yake, hata hodi hakupiga.

"Eti hasikii?"

"Hasikii."

"Na mama yake hataki tumwitie?"

"Hataki."

"Ana haki. Kumpigia saloma mtoto asiyesikia ni kumsimanga." Akakaa kwenye kigoda changu, akafikiri, na wewe unajua kufikiri kwa Maximina kunavyochosha watu. "Ila kupokelewa lazima apokelewe. Mjukuu wa marehemu Evaristo aingie hivihivi kama mchuuzi?"

Saturnino alikuwa mlangoni, alikuwa ameufuata mdomo wake kwa macho. Akavua kofia.

Kwa hiyo ulipokata kona ya mwembe uliona watu wako kilimani. Nilikuona ulivyosimama. Uso wako ulikufa. Ulimwinamia mtoto ukaficha uso kwenye nywele zake ukingoja ule mlio, na ndiyo maana hukuona kilichofuata. Nakwambia mimi, nilikuwa karibu yako.

Hakuna aliyefungua mdomo. Wote walivua kofia kwa pamoja, wanaume na wanawake, wakazipunga juu, kulia, kushoto, kofia nyeupe zenye mistari myeusi, kilima kizima kikawa kinacheza kama pazia lako. Na waliokuwa kwenye udongo wakapiga mguu chini. Ardhi ilitetemeka, nilisikia kwenye goti langu bovu. Evaristo akainua kichwa begani kwako. Akatazama. Kisha akatoa mikono yote miwili nje ya shali, akaifungua, akaifumba, akaifungua tena. Walipotulia, yeye aliendelea.

Maximina, ambaye hajanyamaza tangu siku ya ubatizo wake, akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Kajibu huyo." Watu wakalia ovyo. Wewe ulidhani wanakuhurumia. Hawakuwa wakikuhurumia.

Ukuta umekauka vizuri. Ile sehemu ya juu, chini ya upenu, Saturnino aliikandika pembeni tu, kwa kiganja, akaacha ukanda wa zamani kama ulivyokuwa. Popo walikwenda kwenye mti wa nyuma wakati wa vurugu, lakini Meya alirudi udongo ungali mbichi, akaukagua, akaimba. Majike wamemfuata. Wana mimba tena.

Shangazi yako


San José, 26 Aprili 1992

Shangazi,

Sikukasirika. Nilikasirika mpaka tukafika mpaka wa nchi zetu mbili, kisha nikamtazama Álvaro amelala na udongo wa kwenu bado uko masikioni mwake, nikacheka peke yangu ndani ya basi.

Tunajifunza mikono hapa, kuna shule. Ishara zao si zile za Saturnino, kwa hiyo mtoto ana lugha mbili na mimi nina moja na nusu. Álvaro bado anamwimbia bafuni, ila sasa anamshika mkono na kumwekea kifuani pake.

Nilitaka kukwambia habari ya leo. Alfajiri niliamka nikamkuta ameshaamka, amelala chali kitandani kwake, mwanga umeanza kupita kwenye pazia. Hakuwa ananitazama. Alikuwa na mikono hewani, vidole vinacheza, vinafunguka na kufumba, kipande cha kofia, kipande cha "maziwa", kipande cha "miwa", kisha mambo yasiyokuwapo katika lugha yoyote, kisha anarudi mwanzo. Hakumwita mtu. Alikuwa anabwabwaja, Shangazi. Nilisimama mlangoni nisitikisike, kama ninavyosimama chini ya ukuta wako.

Halafu akageuza kichwa, akaiona picha yako iliyo juu ya kabati, ile ya kwenye machela. Viganja vyake viwili vikakutana, vikabaki vimeungana.

Ametangulia kukuomba baraka kabla yangu. Mjibu.

Yariela